Fomu Yenye Mstari Mmoja

Niliisikia mashineni, nikiwa nasubiri unga wangu: kwamba maji yatakatika Ijumaa. Aliyesema simjui. Alikuwa na ndoo ya bluu kichwani, akalitoa neno lake hivihivi, kama mtu anayesema leo jua kali, akaenda zake. Mimi nikabaki nalo. Nikipepeta lipo, nikipika lipo, nikijilaza nipumzike mgongo lipo limejilaza pembeni yangu. Kufika alasiri nikaona isiwe tabu, nikajaza pipa. Pipa lilipojaa nikajaza ndoo nne, masufuria yote, na beseni la kufulia.

Halafu, kwa wema wangu tu, nikamnong'oneza jirani yangu Bi Mashavu. Bi Mashavu ni mtu wa siri sana. Aliwaambia watu sita basi.

Ijumaa saa mbili asubuhi, maji yakakatika.

"Si niliwaambia?" nikasema, nimeshika kiuno. Siku ile nilijiona nina akili kuliko mtaa mzima. Ndiyo maana nawaonya mapema, jamani: mkijiona na akili namna hiyo, kaeni chini kwanza.

*

Nchi yetu siitaji jina. Si kwamba naogopa. Ni kwamba mtu wa darasa la saba haruhusiwi kuandika jina la nchi bila kibali, na kibali kinatolewa ghorofa ya tano, na lifti ni ya wenye shahada.

Ni nchi nzuri. Kwetu tatizo halilali bila mwenyewe. Likitokea asubuhi, kufika adhuhuri limeshapata mkosaji, na watu wanakula chakula chao cha mchana kwa amani. Kwa kazi hiyo tuna Idara ya Mkosaji, yenye magari kumi na mawili na fomu ya aina moja. Juu ya fomu unaandika tatizo. Chini kuna mahali pa muhuri. Katikati kuna mstari, mmoja tu, na wenyewe mfupi: *Jina la mkosaji*.

Mwaka ulioanguka ukuta wa soko, walimwita fundi mmoja aeleze. Akasema ni mvua, na mchanga wa chumvi, na haraka ya ufunguzi, na mizigo iliyoegemezwa. Wakamwambia, "Chagua moja." Akasema haiwezekani, yote yalisaidiana. Wakatazama mstari, wakamtazama yeye, wakaona jina lake linaenea.

Mkuu wa Idara ni Mheshimiwa Sikosei. Ni mtu mwenye huruma. Anayeandikwa hapelekwi jela, maana jela ni kwa wahalifu. Anapelekwa Nyumba ya Kukiri, ile ya njano kule kilimani yenye mapazia mazuri. Anakaa huko mpaka liandikwe jina jingine. Hapo lake linafutwa, maana mstari ni mmoja, na yeye anarudi nyumbani.

Kurudi wanarudi. Hilo siwezi kuisingizia serikali.

*

Ijumaa ile aliandikwa Feruzi, mlinzi wa tangi la mtaa. Mashahidi wawili walimwona akinywa maji. Jumapili maji yakarudi, na gari la kipaza sauti likapita.

"Ndugu wananchi!" ikanguruma sauti ya Mheshimiwa Sikosei. "Mkosaji ndani, maji nje! Nani anabisha? Hii ndiyo sayansi!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha.

Kisha ikatoka amri. Kwa kuwa adui wa maji halali, kila nyumba iwe na Mapipa ya Tahadhari matatu, yajae, na yakaguliwe kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Mkaguzi atachovya vidole vitatu. Vikilowa vyote, anapiga muhuri mlangoni. Visipolowa, nyumba ina uchochezi.

Basi kila Ijumaa, mtaa mzima, nyumba mia mbili na zaidi, tukawa tunafungua koki kwa pamoja kama watu wanaoitikia wimbo. Kufika saa nne, bomba linakoroma. Saa tano, kimya.

Ijumaa ya pili aliandikwa mama mmoja aliyefua mikeka ya harusi. Feruzi akafutwa, akarudi. Nilimwona anashuka kilima taratibu, anatabasamu.

"Shikamoo, Mama Chausiku," akaniamkia, na ni mkubwa kuliko mimi. "Mvua iliyoharibu kunde zako mwaka juzi, ni mimi. Unisamehe."

"Feruzi! Una nini?"

"Na lile jino la mtoto wa Bi Mashavu, ni mimi pia."

Mpaka leo yuko hivyo. Mbwa akibweka, anakwenda kuomba radhi. Mkewe anamfungia ndani siku za misiba, maana akisikia kilio tu anakimbilia huko kukiri.

Ijumaa ya tatu Idara ilikosa mtu, ikaandika punda wa muuza maji. Alitia sahihi kwa kwato, wakampakia kwenye gari. Alikaa ndani wiki nzima, hakukiri, ikaandikwa kuwa ni sugu. Maji yalirudi Jumapili kama kawaida, na Mheshimiwa akatangaza kuwa punda ndiye alikuwa mwenyewe hasa. Ijumaa iliyofuata yakakatika tena.

*

Sasa nimseme mwanangu.

Chausiku ana miaka ishirini na minne. Alikuwa msoma geji wa tangi: mara tatu kwa siku anapanda ngazi, anatazama maji yamefika wapi, anaweka alama ya chaki. Si mtu wa maneno mengi. Jioni ya Ijumaa hiyo alirudi kutoka kazini, hakula, akachomoa kalenda ukutani, akaigeuza nyuma, akachukua mkaa jikoni kwangu.

"Mama, njoo uone kitu."

"Kalenda yangu hiyo!"

"Nitakununulia nyingine. Sikiliza. Maji yanayoingia kwenye tangi hayajapungua hata siku moja. Nimeangalia alama zangu zote."

"Sasa yanakwenda wapi?"

"Kwenye mapipa yetu."

"Mapipa ni ya tahadhari, mwanangu."

"Tahadhari ya nini?"

"Ya maji kukatika."

"Na yanakatika kwa nini?"

Akachora. Akaandika *hofu*, akatoa mshale kwenda kwenye *mapipa*. Kutoka mapipa mshale kwenda *tangi tupu*. Kutoka tangi tupu mshale kwenda *maji kukatika*. Halafu akauzungusha mshale wa mwisho, ukarudi palepale kwenye hofu.

"Wanaandika mtu, tunaogopa zaidi," akasema. "Tukiogopa zaidi tunajaza zaidi. Tukijaza zaidi yanakatika upesi zaidi."

"Lakini wakimkamata mtu maji yanarudi! Nimeyaona kwa macho yangu."

"Jumapili kila nyumba imejaa, mama. Hakuna anayefungua koki. Tangi linapumua, linajaa lenyewe. Hata wangemkamata jogoo, Jumapili yangerudi."

"Basi mwenye kosa nani?"

"Ndilo swali linalotumaliza hilo. Ukimtoa mtu na kumweka mwingine, hili duara linazunguka vilevile. Dawa ni kulikata mahali." Akaweka kidole chenye masizi kwenye *mapipa*. "Hapa. Ukaguzi uondolewe, nyumba za juu zichote asubuhi, za chini jioni. Yanatosha. Yalikuwa yanatosha siku zote."

Nililielewa. Sitaki mtu aje kusema yule mama hakusoma, hakuelewa. Nililielewa lote, mshale kwa mshale, na nikaona mkono wangu mwenyewe ukijaza beseni la kufulia.

"Choma hiyo kalenda," nikamwambia.

Akacheka. "Mama naye! Picha ya maji tu hii."

*

Mkutano ulikuwa uwanjani. Mheshimiwa Sikosei alikuja na magari tisa na kiti chake mwenyewe. Alihutubia saa moja na nusu. Alisema taifa lisilo na mkosaji ni sawa na nyumba isiyo na mlango. Alisema nchi jirani zinatuonea wivu, kwa sababu kwao jambo linaharibika na hawajui kabisa wamkasirikie nani. Kisha akauliza kama kuna mwenye jina la wiki hii.

Chausiku akanyoosha mkono. Akaenda mbele na kalenda yangu, akaishika juu watu waione, akaeleza kama alivyonieleza mimi. Alieleza vizuri. Niliona watu wakitazamana. Niliona Bi Mashavu akihesabu vidoleni wale sita wake.

Mheshimiwa alivaa miwani, akaizunguka ile picha kama anayenunua mbuzi.

"Vizuri sana, binti. Sasa hili duara linaanzia wapi?"

"Halianzii mahali, mheshimiwa. Linazunguka."

"Kila kitu kina mwanzo. Hata mimi nilizaliwa."

Tulipiga makofi dakika mbili kwa kuzaliwa kwake.

"Huyu hapa," akaendelea, akiweka fimbo kwenye neno la kwanza. "Hofu. Anaishi mtaa gani?"

"Hofu si mtu, mheshimiwa."

"Katibu, tazama kwenye daftari."

Katibu akapekua. "Kuna Hofu mmoja, mheshimiwa. Alifariki zamani."

"Hofu ya nani basi, binti?"

"Yetu sote."

Mheshimiwa akaitazama fomu. Akaitazama kwa muda mrefu, akipima kwa kidole gumba. "Sote hawaenei kwenye mstari," akasema kwa masikitiko ya kweli.

"Basi mstari ndio mbaya," mwanangu akasema.

Waliokuwa karibu naye wakasogea nyuma.

Mheshimiwa akatugeukia. Alizungumza kwa upole, kama baba. "Yupo mwingine anayeliona duara hili? Anyooshe mkono. Tusimwonee binti wa watu."

Chausiku akatutazama. Hakumtazama Feruzi, wala Bi Mashavu. Alinitazama mimi. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanza kunyanyuka, naapa, ulikuwa umeshaacha paja. Nikaushusha. Nikaukalia.

"Hakuna," akasema Mheshimiwa. "Basi ndugu zangu, tutumie akili. Kosa hili amelijua mmoja tu: njia yake, kona zake, na linaporudi. Nani anaijua nyumba kiasi hicho isipokuwa aliyeijenga?"

Jina lake lina herufi nane. Lilienea vizuri, hata nafasi ikabaki. Punda akafunguliwa jioni ileile.

*

Mtu mwoga ana bidii yake. Kesho yake nilipita nyumba kwa nyumba.

"Tuchote kwa zamu," nikamwambia Bi Mashavu. "Kama alivyosema."

"Na ukaguzi wa Jumamosi? Unataka nikakiri jino la mwanangu?"

Nilikuwa nimeshafikiria. Beseni la plastiki, saizi ya kati, linaenea sawasawa kwenye mdomo wa pipa. Unalitia maji, unalikalisha juu. Chini pipa tupu, juu maji yametulia yanameta. Mkaguzi anachovya vidole vitatu, vinalowa.

Bi Mashavu akalitazama beseni, akanitazama. "Shoga, wewe ungekwenda sekondari ungetuua."

Alikwenda kuwaambia watu sita wake, na safari hii nilimshukuru Mungu kwa mdomo ule. Jumamosi mkaguzi alichovya, vikalowa, akapiga muhuri nyumba zote. Nyumba za juu zilichota asubuhi, za chini jioni. Ijumaa ikafika. Saa mbili, maji. Saa tano, maji. Jioni watoto walikuwa wanarushiana maji bombani na hakuna aliyewagombeza. Ijumaa ya pili, maji. Ya tatu, maji.

Nikavaa kitenge changu cha sikukuu, nikapanda kilima karibu nikimbie.

"Maji yapo!" nikamwambia Katibu pale mlangoni. "Wiki tatu sasa. Mnaona alivyosema kweli? Mwachieni."

Katibu akainuka, akanipa mkono kwa heshima, mikono miwili. "Mama, wewe ndiye mzazi? Ingia, ingia. Mheshimiwa atafurahi."

Mheshimiwa alifurahi. Alinipa kiti. "Mama," akasema, "Feruzi alipokuwa ndani tulipata maji siku tano. Yule wa mikeka, tano. Punda, tano. Mwanao, wiki tatu! Unaelewa maana yake? Hawa wengine walikuwa matawi. Tumefika kwenye mzizi."

"Mheshimiwa…" nikaanza.

"Hatuwezi kumwachia. Tukimwachia, maji yatakatika. Ungependa watoto wa wenzako wafe kiu? Tunamjengea chumba chake, chenye dirisha."

"Maji hayatoki kwa sababu yake, mheshimiwa."

Akavuta droo, taratibu, akatoa fomu mpya, akailainisha kwa kiganja. "Kuna sababu nyingine?"

Nilikuwa nayo mdomoni. Mabeseni. Nyumba zaidi ya mia mbili zenye mihuri milangoni na mapipa matupu chini. Bi Mashavu. Mkewe Feruzi, aliyelia akilikalisha lake. Nikiisema, mwanangu angetoka jioni ileile, na kila nyumba ingekuwa na jina. Tena magari ya Idara yasingelala. Wangeandika mmoja mmoja, kila wiki, mpaka tuishe.

"Sababu hiyo ina jina, mama?"

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa nauliza tu."

"Kuuliza ni haki yako," akasema, akairudisha fomu kwenye droo.

*

Siku hizi nampelekea chakula kila Alhamisi. Sionani naye. Naacha bakuli langoni, narudishiwa la wiki iliyopita. Likiwa tupu, nashukuru.

Juzi Bi Mashavu alinivuta pembeni. "Shoga, dawa unayo mwenyewe. Sema neno moja, kama siku ile. Yakatike Ijumaa moja tu, waandike mwingine, mwanao atoke."

"Watamwandika nani?"

"Yeyote."

"Wa kwako?"

Akaanza kuikunja kanga yake, ambayo ilikuwa imekunjwa tayari.

Nilikwenda sokoni hata hivyo. Nilisimama kwa muuza dagaa, wanawake wamejaa, nikavuta pumzi. Mmoja akageuka. "Unasemaje, mama?"

"Nasema dagaa wa leo wana mchanga."

Sikusema. Lakini siwezi kuapa kwamba wiki ijayo sitasema. Maana Alhamisi iliyopita mlinzi wa langoni, kijana wa watu mwenye adabu, alinipa bakuli na habari kwa pamoja.

"Binti yako anaendelea vizuri, mama. Mwanzoni alikuwa mbishi, anachorachora ukutani. Sasa ameacha. Jumatatu amekiri upepo. Jana amekiri kiangazi, na hata hatukumuuliza."

Basi. Ya kuepuka ni haya:

Usijaze pipa kwa kuwa jirani amejaza.

Usiseme "yatakatika" kama hujapanda ngazi ukatazama tangi.

Usiulize "nani" kabla hujauliza "inakuwaje".

Usipige makofi mtu akikamatwa, hata kama siku hiyohiyo mambo yamekuwa mazuri.

Usitie sahihi fomu yenye mstari mmoja, hata kama ni ya punda.

Usipite barabara ya kilimani Alhamisi mchana. Watu wa Idara wanauliza majina.

Usidhani jambo likipona watasema limepona kwa nini.

Usimwambie mwanao achome alichokielewa.

Na usimwache asimame peke yake mbele ya wakubwa, kueleza jambo ambalo na wewe umelielewa.